Nafasi Sita za Mama Biblio

Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao kidogo cha mlangoni, sote tulilijua, lakini sikumbuki mtu hata mmoja aliyelitumia. Maktaba ya chuo chetu pale Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, tuliiita biblio, basi yeye akawa Mama Biblio. Walimu walimwita Mama tu. Alizaliwa wapi, mwaka gani, wazazi wake walikuwa nani, sijui, na sikuwahi kumwuliza. Kwetu kuna maswali ambayo mtu haulizi. Anasubiri aambiwe, na asipoambiwa anaendelea kuishi. Nilijua tu kwamba alitoka katika familia ya Waislamu wa mjini, mafundi cherehani tangu zamani, na hilo lilionekana mikononi mwake.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa haraka. Viatu vyake vya nje aliviacha nyuma ya mlango wa ofisi, na humo ndani alitembea na kandambili laini ili asisikike. Ungekuwa umeinamia kitabu, ukijisemea kwamba uko peke yako, mara unaona kivuli chake juu ya ukurasa. Hakugombeza. Alisimama tu pale mpaka ukumbuke mwenyewe kwamba umeweka kiwiko juu ya kitabu kilicho wazi.

Nilifika kwake nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilichelewa kuingia chuo. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania, kutoka Karagwe, nikiwa mdogo, ndiyo maana Kiswahili changu kilikuwa kikiwachekesha wenzangu, wakisema naongea kama redio. Tulikaa Mudende, tukalima viazi, na nilipomaliza sekondari hapakuwa na namna ya kuendelea. Kwa miaka minne nilivusha karoti na viazi kwenda Goma, asubuhi naenda na mzigo kichwani, mchana narudi. Humo katikati nikampata Aline, na baba yake akaondoka. Nilipoingia chuo, Aline alikuwa na miaka miwili, na wanafunzi wengi darasani waliniona kama shangazi yao.

Mwaka wa pili nikasikia kwamba biblio inachukua wanafunzi sita wa staji, yaani mafunzo ya kazi, na kwamba staji hiyo inalipwa. Zamu nne kwa wiki, kila zamu nusu siku. Kwangu malipo hayo yalikuwa kodi ya chumba na maziwa ya mtoto. Nikaandika barua, nikaitwa.

Hakuniuliza alama zangu. Aliisoma barua yangu mpaka mwisho, akaikunja, akaniuliza kama nina mtoto, kwa kuwa nilikuwa na doa la uji begani. Nikasema ninaye, anaitwa Aline.

"Bon, Mama Aline. Ukimuona mutu anapasua karatasi ndani ya kitabu, utafanya nini?"

Nikafikiri kidogo. "Nitamwuliza alikuwa anatafuta nini."

"Muzuri. Lakini mbele ya kumuuliza, utamunyanganya kitabu." Akainuka. "Kuja lundi, Jumatatu hii, saa mbili kamili. Saa mbili na dakika tano haiko saa mbili."

Tangu siku hiyo aliniita Mama Aline, hata mbele ya walimu. Yeye peke yake chuoni. Wengine walinitaja kwa jina la kwanza, kwa wema tu, kama vile mtoto ni kitu cha kuachwa getini pamoja na mwavuli.

Alikuwa na misemo yake, ambayo sisi sita tulikuwa tukiigizana tukiwa tumetoka nje. Wa kwanza aliusema siku yetu ya kwanza, tukiwa tumesimama mbele yake kama watu wanaosubiri chanjo. "Hapa hatupendi vitabu," alisema. "Tunavitunza. Mwenye kupenda kitabu anakifichaka chini ya kitanda." Wa pili aliusema mtu akikirudisha kitabu mahali pasipo pake: "Umekizika." Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kitabu kikiwekwa rafu mbili mbali na pale kinapotakiwa, ni sawa na kitabu kilichoibiwa, tofauti ni kwamba cha wizi angalau kuna mtu anakisoma.

Na wa tatu, ambao hakuna aliyeuigiza: "Kazi iko kazi. Mutu akifanya, alipwe."

Kuhusu huo wa tatu nilimwona akiutumia kwa vitendo. Mwezi mmoja malipo yetu yalichelewa. Ofisi ya fedha ilisema karatasi ziko mezani, zinasubiri kusainiwa. Mama Biblio hakupiga simu, hakuandika barua. Alichukua atlasi moja nene iliyokuwa imeachia mgongo, akachukua sindano na uzi wake uliopakwa nta, akaenda kukaa kwenye benchi la korido, mbele kabisa ya mlango wa fedha. Akaanza kushona. Watu walipita, wakamsalimu, wakamwuliza anafanya nini pale.

"Nangoja sini moja," alijibu, kwa adabu, akimaanisha saini.

Alikaa siku mbili. Siku ya pili mchana karatasi zilisainiwa. Alibana atlasi yake kwapani, akasema asante, akarudi. Atlasi ile imeshonwa vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kukishika.

Ushonaji huo alitufundisha wote. Mchana wa Ijumaa, wanafunzi wanapokuwa wachache, alitukalisha kwenye meza ndefu ya nyuma na vitabu vilivyoumia. Kufungua mgongo, kupanga makaratasi, kutoboa kwa msumari mwembamba, kupitisha uzi mara mbili kila tundu, kupaka gundi na kukandamiza chini ya matofali mawili yaliyofungwa gazeti. Mkono wake ulikwenda wenyewe huku yeye akituangalia sisi. Aliyefanya vizuri hakusifiwa, alipewa kitabu kigumu zaidi. Fidèle, mwenzetu kutoka Bugeshi, alifika mpaka kwenye kamusi kwa wiki tatu. Mimi nilibaki kwenye vijitabu vya sheria za ushirika muda mrefu.

Fidèle nitamtaja tena, basi nimweleze. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili kama mimi, mrefu, mkimya kupita kiasi. Ukimwuliza jambo la ghafla alikuwa anatazama viatu vyake kwanza. Baba yake alikuwa na shamba la viazi karibu kabisa na mpaka, kule juu kwenye baridi, na kila likizo Fidèle alikuwa akirudi na mikono iliyopasuka. Lakini ndani ya biblio alikuwa mtu mwingine. Alijua kila kitabu kilipo bila kutazama namba. Mama Biblio alimpenda, ingawa angekataa neno hilo.

Mwanamke huyo aliyetukataza kupenda vitabu alikuwa na tabia moja ambayo niliigundua kwa bahati. Kila mwaka vitabu vilivyochakaa au vilivyopitwa na wakati huondolewa kwenye rafu. Kazi hiyo aliifanya bila huruma. Alikuwa anapita na kalamu nyekundu, hiki, hiki, na hiki. Lakini hakuna kilichotoka chuoni kabla hajakipeleka nyumbani kwanza. Nilimwuliza anavifanyia nini.

"Navisoma."

"Vyote?"

"Vyote. Kitabu iwe na mutu wa mwisho mwenye kuisoma." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba ya kufagia. Riwaya hakusoma; alisema hana nafasi. Alisoma vile vilivyokuwa vinakwenda kutupwa, basi kichwani mwake mlijaa mambo ya ajabu: namna ya kusafisha mashine ya kuchapa, magonjwa ya kupe wa ng'ombe, kanuni za posta za nchi ambayo haipo tena. Siku moja mkulima mmoja, baba wa mwanafunzi, alikuja kumsubiri mwanawe mlangoni, akalalamika kwamba ng'ombe wake anakonda. Mama Biblio alimwuliza maswali sita, akamwambia amkague ndani ya masikio. Wiki iliyofuata yule mzee alileta galoni ya maziwa.

Utaratibu wake ulikuwa mkali, na bado siku ardhi ilipotetemeka, kama inavyotetemeka kwetu mara kwa mara kwa sababu ya ile milima ya volkano, aliuacha wote. Tulitoka nje sote. Rafu mbili zilikuwa zimemwaga kila kitu. Fidèle alitaka kurudi ndani kuokota. Mama Biblio akamshika mkono wa shati.

"Leo batu kwanza," alisema. "Vitabu havina mifupa."

Akatusimamisha kwenye majani, akatuhesabu, akatuuliza mmoja mmoja kama nyumbani kwetu kuna simu ya kupigia. Kesho yake tulirudi, tukapanga kutwa nzima, na aliwatuma mara tatu waliochanganya namba warudie.

Jambo moja lilitushangaza. Yeye aliyemrudisha mtu nyumbani kwa kuchelewa dakika kumi, kila Jumatano saa sita mchana alipotea kwa saa nzima na zaidi. Alivaa viatu vyake vya nje, akachukua kikapu, akaondoka bila neno. Tulibuni mengi. Fidèle alisema anakwenda hospitali. Mwingine alisema ana mume wa pili.

Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu sikuwa nimeacha biashara kabisa. Mwezi ukiwa mgumu, siku nisiyokuwa na zamu, nilikuwa nachukua karoti kwa mkopo Mahoko na kuzivusha. Jumatano moja nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, mzigo kichwani, nikamwona. Alikuwa amesimama pembeni upande wetu, na mbele yake mwanamke anayefanana naye kabisa, mwembamba zaidi, ametoka Goma. Walikuwa wamepeana mikono na hawajaachana, wanaongea kwa kasi, wanacheka. Dada yake. Walikutana pale kila wiki, kwa muda wa saa moja, kisha kila mmoja akarudi kwake. Yule dada alimletea ile nta na uzi, kwani Goma vilipatikana kwa bei nafuu. Yeye alimpelekea viazi na maharage.

Aliniona. Mimi nilikuwa na darasa saa ile, na yeye alijua. Tulisalimiana kwa macho tu. Siku iliyofuata, nikiwa nasukuma toroli ya vitabu, alipita karibu yangu.

"Karoti zilikuwa mingi," alisema.

"Ziliuzwa zote, Mama."

"Nimeona. We unajua kusimama na mutu ukamwambia bei." Akaenda zake. Nililichukua kama sifa, na kweli ilikuwa sifa. Sikujua kwamba ananiandikia kitu moyoni.

Mwanzoni mwa muhula uliofuata, uongozi ulitoa taarifa. Staji ya biblio itaendelea, lakini bila malipo. Kila mwanafunzi atakayemaliza atapewa cheti. Mama Biblio aliisoma taarifa akiwa amesimama, akaibandika ubaoni kwa pini nne, kila kona moja, kama alivyobandika kila taarifa. Kisha akaniambia nimchukulie daftari la zamu, twende kwa mkurugenzi wa utawala.

Mkurugenzi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikulia Uganda, Kiswahili kilimpa taabu, na kwa sababu hiyo hiyo Mama Biblio alizungumza naye Kiswahili. Alitukaribisha vizuri. Akaeleza polepole, akitafuta maneno.

"Mama, hawa vijana wanapata uzoefu. Uzoefu wenyewe ni malipo. Tutawapa cheti kizuri, chenye mhuri."

"Bon," alisema Mama Biblio. "Na we, mwezi huu chukua uzoefu. Tutakupatia cheti."

Nilitazama sakafu. Feni ya mezani ilikuwa inageuka kushoto, inageuka kulia. Nilidhani tutafukuzwa. Mama Biblio mwenyewe ndiye aliyeendelea.

"Unisamehe, Bwana Mkurugenzi. Nimesema vibaya. Nasema tena muzuri: kuja kwetu siku moja. Masaa mbili tu. Ufanye zamu kama wao, halafu utaamua."

Alhamisi akaja. Naamini alikuja kwa udadisi, au kwa sababu aliombwa kwa heshima mbele yangu. Alivua koti, akakunja mikono ya shati jeupe. Mama Biblio akampa toroli yenye vitabu arobaini, akamwonyesha mara moja namna namba zinavyosomwa, akarudi mezani kwake. Hakumsimamia. Sisi tulijifanya tuna kazi.

Baada ya saa moja na nusu shati lilikuwa limeshika mgongo na toroli ilikuwa tupu. Alikuwa anatabasamu. Ndipo akaja msichana wa idara ya ushirika, akaomba kitabu kimoja cha mahesabu ambacho mwalimu wao alikuwa amekitaja. Kwenye orodha kilikuwepo. Kwenye rafu hakikuwepo. Mkurugenzi akasema, "Hicho nimekiweka mimi mwenyewe, sasa hivi!" Akaenda kukitafuta. Alitafuta mpaka akapiga magoti. Msichana alikuwa anatazama saa yake, ana mtihani.

Fidèle akaondoka kimya, akaenda upande wa pili kabisa wa chumba, kwenye vitabu vya mifugo, akarudi nacho.

"Umejuaje?" aliuliza mkurugenzi.

Fidèle akatazama viatu vyake. "Mutu mwenye haraka anasomaka namba ya mwanzo tu, Bwana Mkurugenzi. Mahesabu na mifugo, vyote vinaanzaka na sita."

Mkurugenzi akacheka kwa sauti, akajipangusa uso. Mama Biblio hakucheka. Alimletea maji ya kunywa na kumshukuru.

Jioni hiyo, tunafunga madirisha, nilimwuliza kwa nini jambo hili la malipo linamshika hivyo. Alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto nyuma ya mlango.

"Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwenye biblio ya watu fulani wa dini. Miaka mbili, bila kitu. Waliniambia ninajifunza. Mwaka wa kwanza nilikuwa najifunza, ni kweli. Mwaka wa pili nilikuwa nafundisha wengine, na bado waliniambia ninajifunza." Akakipata kiatu. "Funga na lile dirisha la kule."

Jibu la uongozi lilikuja mwisho wa mwezi. Malipo yatabaki. Nafasi zitakuwa nne badala ya sita. Majina manne yapelekwe kabla ya Ijumaa.

Wenzangu walinipongeza kabla ya wakati. Nani angemwacha mama mwenye mtoto? Na mimi nilifikiri hivyo. Alhamisi alituita mmoja mmoja ofisini. Niliingia bila woga.

"Kaa, Mama Aline." Sikukaa vizuri bado, akaendelea. "We utatoka."

Nilimwomba arudie, akarudia kwa maneno yale yale.

"Kwa nini mimi?"

"Fidèle akitoka hapa, atarudia Bugeshi kwa viazi vya baba yake, na masomo imekwisha. We ukitoka, unajua njia. Nilikuona pale barrière ya mupaka. Unajua kuuza, unajua kusimama."

"Kwa hiyo naadhibiwa kwa sababu najua kusimama?"

"Haiko adhabu."

"Ni nini basi?"

Alivua miwani, akaiweka juu ya daftari. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Ni kuchagua," alisema. "Na mi ndo nimechagua."

Nikavua kitambulisho changu cha staji, nikakiweka mezani. Nilimwambia asante Mama, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nikatoka. Nililia nilipofika kwenye mfereji nyuma ya jengo la madarasa, na sikulia kwa ajili ya pesa tu. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu huyu ananiona.

Muhula huo sikuumaliza. Nilirudi mpakani kila siku. Mwaka mzima ulipotea. Binamu yangu wa Mudende ndiye aliyenisaidia kurudi baadaye, na nikamaliza chuo nyuma ya wenzangu. Katika muda huo niliingia biblio pale tu nilipolazimika. Mama Biblio alinisalimu, "Mama Aline, habari?" Nilijibu nzuri, shikamoo, na kuendelea. Hakunisimamisha. Mara moja nilipogeuka nilimkuta bado ananitazama, kalamu nyekundu mkononi.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya maktaba ya sekondari moja huko Mahoko, chumba kimoja chenye rafu tano. Ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Na ndani yake nilijikuta naishi na mtu niliyekuwa nimemkasirikia. Ninakandamiza vitabu chini ya matofali mawili. Ninapitisha uzi mara mbili kila tundu. Siku moja nilimwambia mwanafunzi, "Umekizika," nikasikia sauti yangu kama ni yake. Hasira yangu ilikuwa haijaisha. Ilikuwa imepata mahali pa kukaa, tukazoeana.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa zamani aliniambia kwamba Mama Biblio amestaafu. Nilizunguka na habari hiyo wiki mbili. Kisha Jumamosi moja nikapanda basi kwenda mjini, nikiwa na kilo tano za viazi, nikajiambia naenda kuuliza kuhusu nta.

Nyumba yao iko nyuma ya msikiti, barazani kuna cherehani tatu na mpwa wake akishona sare za shule. Akanipitisha uani. Mama Biblio alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage. Amepungua. Miwani imekuwa minene.

"Mama Aline," alisema, kabla sijasalimu. "Kaa."

Aliagiza chai ya tangawizi na mandazi. Aliuliza habari za Mahoko, rafu ngapi, paa linavuja au halivuji. Nta, alisema, siku hizi dada yake hawezi kutembea mpaka mpakani, lakini kuna mtu anayeileta, atanielekeza. Akachambua konzi nyingine ya maharage. Cherehani ilikuwa inakwenda kule mbele.

"Fidèle aliacha masomo. Unajua?"

Nilijua. Alibakiza mwaka mmoja tu, akafuata mjomba wake Kampala, sasa anafanya kazi kwenye ghala. "Nilisikia, Mama."

"Na nafasi alikuwa nayo. Na malipo alikuwa nayo. Aliacha tu." Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Mi nilikosea, Mama Aline. Nilichagua vibaya."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Lililotoka lilikuwa rahisi kuliko yote. "Imeshapita, Mama. Hukuweza kujua."

"Nilijua. Mbele ya mwezi ule kuisha, nilijua. Nilikuona kwa dirisha, unapita na mufuko mugongoni, saa ya darasa. Nikajua nimekosea."

"Hukuniita."

"Sikukuita. Nilisikia aibu. Na nafasi ilikuwa imejaa, na nilikuwa nimesema mbele ya batu kwamba najua kuchagua." Akaweka ungo chini. "Usinitetee. Mi sikukuuliza kama imepita. Unikasirikie sasa. Niko hapa."

Mwanzoni sikuweza. Mtu hawezi kukasirika kwa kuombwa. Nikaanza kueleza tu, kwa mpangilio, kama ripoti: mitihani ambayo sikuifanya, mvua za mwezi ule, siku ile mpaka wa Goma ulipofungwa mapema na karoti zikalainika kwenye gunia. Lakini nilivyoendelea sauti yangu ilipanda. Nilimwambia kwamba wenzangu waliokuwa dhaifu waliachiwa nafasi na mimi niliachiwa sifa. Nilimwambia kwamba kila mara mtu anaponiambia nina nguvu, huwa najua kuna kitu anakaribia kuninyima. Nilimwambia kuhusu homa iliyomshika Aline mwaka ule. Mpwa wake alisimamisha cherehani barazani. Sikujali.

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipotulia, aliuliza jambo moja.

"Na mutoto, ulikuwa unamuachia nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wala yeye siku ile ya kwanza, wala walimu, wala binamu yangu aliyenisaidia.

"Jirani," nikasema. "Na siku jirani hayupo, nilimfungia ndani."

"Ulimufungia ndani."

"Ndiyo."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nilimwachia uji na blanketi, nikaondoa kiberiti. Kwa saa tatu, wakati mwingine nne. Nilikuwa nikirudi namkuta amekaa nyuma ya mlango, amechoka kulia." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Aline mwenyewe hakumbuki, au hasemi.

Mama Biblio hakusema pole. Alisogeza kiti chake mpaka kikagusana na changu, akakaa akitazama ukuta uleule niliokuwa nautazama mimi. Chai ilikuwa imepoa. Muda si mrefu adhana ya alasiri ikaanza juu yetu, karibu sana, na ilipokwisha aliinuka kwa kushika bega langu.

"Naenda kuswali," alisema. "We ngojea hapa. Usitoke. Bado haujamaliza."

Akaingia ndani, nikasikia maji yakimiminika kwenye beseni. Nikabaki nimekaa, namngoja.